Shangazi wa Mwanawe

Wifi yangu alikuwa fundi cherehani, na watu walimwita Mkasi. Wageni walidhani ni kwa sababu ya kazi yake. Waliomzoea walijua ni mdomo. Siku niliyoletwa kwao kama mke wa kaka yake, alinizunguka na utepe wake wa kupimia shingoni, akanitazama kuanzia kisogo hadi visigino.

"Umetuletea fito, kaka," alisema. "Sasa nishone gauni au mfuko wa mwavuli?"

Nyumba nzima ilicheka, nami nikacheka huku machozi yakinilengalenga. Kesho yake aliniletea gauni. Hakuwa amenipima popote, lakini lilinikaa kama ngozi yangu. Kiunoni alikuwa ameacha upindo mpana, na nilipomuuliza wa nini, alisema nitazaa, na fito nazo hunenepa.

Alifanyia kazi kwenye baraza la duka la vitambaa, pamoja na mafundi wengine. Cherehani zao zilipangwa mstari mmoja, migongo ya mafundi ukutani, nyuso barabarani. Jirani yake alikuwa mzee mpole aliyeshona suruali tu, tukamwita Fundi Suruali. Wifi alimtania kutwa kwamba anaogopa magauni kwa sababu anaogopa walio ndani yake. Mzee alitabasamu tu, akasema angemjibu ila ana pini mdomoni.

Alikuwa na mtoto mmoja. Baba wa mtoto aliondoka kabla tumbo halijaonekana, na Wifi alimmaliza kwa sentensi moja, kwamba yule alikuwa nguo ya majaribio. Hatukumtaja tena. Mtoto alizaliwa wiki chache baada ya wangu, mdogo, wa mviringo, na macho mawili meusi kama matundu ya kifungo. Jina la Kifungo likamganda hapo hapo. Alilelewa chini ya meza ya cherehani, ndani ya kapu la vipande vya vitambaa. Akilia, Wifi alimpakata akamnyonyesha huku mguu ukiendelea kukanyaga pedeli. Mtoto yule alilala kwa sauti ya cherehani. Mashine ikinyamaza, macho yanafunguka.

"Huyu ni mnyapara," Wifi alisema. "Nikipumzika kidogo tu ananifokea."

Ugonjwa ulianzia mkononi. Shati la mteja lilitoka mkono wa kushoto umepinda, akalifumua, akalishona upya, likapinda vilevile. Kitambaa kilimponyoka katikati ya kushona. Alisema mkono umelala, ataupiga kofi uamke, na kweli aliupiga, mafundi wakacheka. Kisha mchana mmoja nilimpelekea chakula, nikanusa kitu kinaungua. Wifi alikuwa anaongea na mteja, anacheka, na kiganja chake cha kushoto kimeegemea pasi ya moto. Hakuwa na habari. Nikauvuta ule mkono mimi. Aliutazama kama mkono wa mtu mwingine aliyeusahau pale mezani, na kicheko chake kilikuwa kimebaki upande mmoja tu wa uso.

Hospitali walimpiga picha ya kichwa. Tuliingia kwa daktari yeye, mume wangu na mimi, Kifungo akiwa mgongoni kwangu. Daktari alikuwa kijana wa heshima, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri siku nyingi. Alituonyesha ubongo, wa kijivu, na upande wa kulia kulikuwa na doa jeupe ukubwa wa yai. Akauliza maswali. Kichwa kinauma? Anatapika? Amewahi kuanguka kifafa? Na macho je, amewahi kupata shida ya kuona, hata zamani?

Hilo la macho Wifi alilijibu haraka kuliko yote. Macho yake mazima, alisema, anaweza kutunga uzi kwenye sindano gizani.

Daktari akasema doa lile linafanana na uvimbe, tena huenda ni saratani, na limekaa mahali pabaya pa kukata. Alisema hana uhakika. Angetuandikia kwenda hospitali kubwa kwa daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, ila foleni ya huko ni ndefu, tungoje kupigiwa simu. Yote hayo aliyasema vizuri, taratibu. Sisi tulisikia neno moja. "Huenda" tuliliacha mle chumbani, saratani tukaondoka nayo.

Alipewa vidonge vya kutuliza uvimbe. Baada ya muda uso ulinyooka na vidole vikaanza kushika. Ungedhani tungefurahi. Lakini mama mkwe wangu, aliyemuuguza mumewe mpaka akamzika, alisema hata marehemu aliomba uji mara mbili siku ya mwisho, akaunywa wote. Basi hata ile nafuu tuliiogopa.

Asubuhi moja Wifi alikuja kwangu, Kifungo begani, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo. Nilikuwa nanyonyesha. Aliketi, akamlaza Kifungo kwenye paja langu la pili.

"Wifi, maziwa unayo ya wawili?"

Nikasema ninayo.

"Basi mzoeshe. Mimi namwachisha leo."

Sikuelewa, akanieleza polepole kama anavyomweleza mteja mgumu. Kifungo alikuwa bado hajatamka neno. Atakapoanza, neno mama aliseme kwangu. Yeye amwite shangazi, kama anavyoitwa na mtoto wangu. Alikuwa amelifikiria jambo lile pande zote, hata nguo za mtoto alikuwa amezikunja na kuzileta.

"Mtu akifiwa na mama analia mpaka anazeeka," alisema. "Akifiwa na shangazi anauliza chakula kitaiva saa ngapi. Mimi nataka aulize chakula."

Mume wangu aliposikia aligoma. Alisema hakuna anayekufa kabla ya kufa, akapiga meza, akatoka, akarudi. Wifi alimwacha amalize, kisha akamwambia kwamba mtoto ni wake na kufa ni kwake, kwa hiyo yeye kaka mtu anagombea kitu gani. Mama mkwe alilia siku nzima na jioni akakubali. Alikumbuka jinsi wanawe walivyomlilia baba yao, wakikimbilia mlangoni kila wakisikia baiskeli.

Siku za mwanzo Kifungo alikataa ziwa langu. Aligeuza uso upande wa barabara na kulia kilio cha hasira, kama mtu aliyeuziwa kitu sicho. Wifi alikuwa amehamia kwa mama yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kilio kile kilimfikia. Alijifunga kitambaa kifuani kwa nguvu ili maziwa yakauke. Nikienda kumsalimu niliona blauzi imelowa pande zote mbili. Nilimuuliza kama amekula, akasema amekula.

Kisha Kifungo akazoea. Mtoto akishiba anasahau, watoto ndivyo walivyo, na mimi sikuweza kumlaumu. Nilikuwa nawabeba wote wawili, mmoja mgongoni, mmoja mbele, majirani wakiniita mizani. Siku aliyosema mama kwa mara ya kwanza alikuwa ananitazama mimi, maziwa yakimtoka pembeni mwa mdomo. Wifi alikuwepo, anapinda upindo wa shuka kwa mkono.

"Amepatia," alisema, akakata uzi kwa meno.

Kazi alizokuwa nazo alizimaliza alizoweza, nyingine akawarudishia wenyewe vitambaa vyao. Cherehani alimpa Fundi Suruali. Mzee alikataa, akasema hawezi kupokea kitu cha mtu aliye hai. Wifi akamwambia akikataa atampa mtu anayejua kushona. Mzee akaiinua mashine ile akaenda nayo, na safari hii hakuwa na pini mdomoni, ila hakujibu neno.

Simu ya hospitali kubwa ilikuja wakati Kifungo anatembea tayari. Kule tulikuta daktari mwanamke, mtu mzima, mwenye sauti ndogo. Aliitazama ile picha kwa muda mrefu, kisha akaiacha akamtazama Wifi. Alimtembeza chumbani. Akamfumbisha macho na kumwambia aguse pua. Akamgonga magoti kwa kinyundo, mpaka Wifi akasema hata pedeli yake haikuwahi kupigwa hivyo. Daktari alicheka. Halafu akauliza kuhusu macho.

Niliona lile jibu la siku zote linakuja, mdomo umeshafunguka. Kisha akaufunga. Akatazama viganja vyake, kimoja kina kovu la pasi.

"Daktari, sasa cherehani sina," alisema. "Naweza kukwambia."

Akasimulia. Mwaka ule kabla hajabeba mimba, jicho la kulia liliingia ukungu. Lilimuuma kila alipoligeuza, na rangi zikafifia, nyekundu ikawa kama tofali lililonyeshewa. Alilishona gauni jekundu la mteja kwa uzi wa kahawia bila kujua. Mteja alipouliza akamwambia ndio mtindo uliotoka, na wiki ile ile wakaja wengine wawili wanautaka. Mafundi wote pale barazani huupata ukungu wa macho mapema au baadaye, wanauita mshahara wa sindano, wananawa maji baridi na kunyamaza. Fundi akisema macho yanamsumbua ni kama dereva kusema husinzia. Wateja hawamtukani, wanahama tu. Basi alisogeza kiti kwenye jua, akamwomba Fundi Suruali amtungie nyuzi kwa kisingizio cha kumtania, na baada ya wiki kadhaa jicho likarudi lenyewe. Akalifuta kichwani.

Daktari alikuwa ameweka kalamu chini. Aliuliza ni jicho lipi, lilichukua muda gani, na kama kuna mara nyingine kiungo kilikufa ganzi kikapona. Kisha akauliza, bila ukali, kwa nini hakumwambia daktari wa kwanza.

"Aliniuliza," Wifi alisema. "Nilikuwa bado fundi."

Walimpiga picha mpya, safari hii wakimpitishia mshipani dawa ya kung'arisha picha. Walimtoa maji ya uti wa mgongo, akalala chali na kuniomba nimkunie pua. Tukarudi nyumbani, tukaitwa tena. Siku ya majibu tulikwenda wote, na watoto.

Daktari alitugeuzia kioo cha kompyuta. Alisema si kila kinachofanana na uvimbe ni uvimbe. Alituonyesha kwamba doa lilikuwa limepungua sana, na kwamba ukingo wake ulikuwa unang'aa kama pete, lakini pete yenyewe haikufunga. Uvimbe mwingi wa saratani hufunga pete nzima. Hii imeachia upande mmoja.

"Kama kola isiyomaliziwa," Wifi alisema, amesogeza uso karibu.

Daktari akakubali, kama kola. Akasema pete peke yake isingemtosha kutoa hukumu, lakini pete, na yale maji ya mgongo, na zaidi ya vyote lile jicho la zamani, vyote vinasema kitu kimoja. Haikuwa saratani. Mishipa ya fahamu ina ganda lake la kuikinga, na ganda hilo lilikuwa limeliwa, kwanza kwenye jicho, halafu kwenye ubongo.

"Waya umechubuka," mume wangu alisema. Yeye ni fundi umeme.

Ndiyo, daktari alisema, na wanaouchubua ni askari wa mwili wake mwenyewe, wamekosea adui. Dawa ya kuumaliza kabisa ugonjwa huu hakuna. Zipo za kuwatuliza hao askari. Ugonjwa unaweza kurudi, atalazimika kuja kliniki maisha yake yote, na mguu ule huenda usirudi ulivyokuwa. Lakini watu wengi wanaishi nao miaka, wanafanya kazi, wanalea watoto.

"Kwa hiyo sifi," Wifi alisema.

"Kwa hili, si sasa."

Mume wangu alilia kwa sauti, mwanamume mzima, kofia usoni. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti, sijui aliinama saa ngapi. Wifi hakulia wala kucheka. Alikuwa anamtazama Kifungo, aliyekaa mapajani pangu akivuta kifungo cha blauzi yangu.

"Na mtoto, daktari?"

Daktari alidhani anauliza kama ugonjwa unarithiwa. Akamweleza kwa upole mwingi kwamba hatari ni ndogo sana, asiwe na hofu, watoto wengi wa wagonjwa hawaupati kamwe. Wifi alimwacha amalize. Akamshukuru.

Nje, kwenye benchi la kusubiria, alinyoosha mikono yote miwili, ule mzima na ule mgonjwa uliobaki chini kidogo.

"Njoo kwa mama."

Kifungo alinitazama mimi, kwa sababu mama ni mimi. Kisha akamtazama yeye, akamsahihisha kwa mdomo wake mdogo uliokuwa haujaiweza sauti ya kwanza.

"Angazi," alisema, na akaficha uso shingoni kwangu.

Wifi aliishusha mikono. Alisema mtoto ana akili, anashika anachofundishwa.

Tulidhani kitakuwa kitu cha siku chache. Alirudi chumbani kwake, akapanga kitanda, akalitoa kapu. Nilimpeleka Kifungo kila asubuhi na kukaa naye mpaka acheze, kisha nikijaribu kutoka, anatupa kila kitu na kunikimbilia. Wifi alimnunulia mpira. Alimshonea kwa mkono suruali yenye mifuko minne, kwa sababu alipenda kuweka vijiwe mifukoni. Kifungo aliipenda suruali, akaja kunionyesha mimi. Alimpenda na shangazi pia, usifikiri hakumpenda. Alimchekea, alimlisha biskuti iliyolowa mate. Lakini alimpenda kama shangazi. Jioni ikifika alisimama mlangoni akiwa na viatu mkononi, kama mgeni aliyekaa vya kutosha.

Na mimi nilikuwa na yangu. Nilimzaa mmoja, lakini kifua changu hakikujua hivyo. Usingizini mkono wangu ulihesabu vichwa viwili. Sikumwambia Wifi, naye hakuniuliza, ila siku moja aliniona ninavyomfunga Kifungo viatu, akasema taratibu kwamba alinikabidhi kazi na mimi sikuipinda hata kidogo, na ndio tatizo. Nilitaka kucheka. Nikaendelea kufunga viatu.

Fundi Suruali alikuja na cherehani ameibeba kwenye toroli. Akaiweka mlangoni, akasema mashine hii inamkataa, inakata uzi kwa makusudi. Wifi akamwambia mashine ina akili. Alijaribu kukanyaga pedeli, mguu ukateleza. Alijaribu tena. Mzee alijifanya anatazama barabara.

Siku chache baadaye Wifi aliniita.

"Mlete akiwa amelala mchana," alisema. "Na wewe usije tena mpaka nikuite. Ukiwepo, hanioni. Anaona mlango."

Nikamuuliza kama atamuweza peke yake, na mkono ule.

"Sitamuweza," alisema. "Mlete tu."

Nilimnyonyesha kwa mara ya mwisho nikiwa nimesimama, sijui kwa nini sikutaka kukaa. Alilala haraka. Nilimbeba na mfuko wa nguo zake, na vijiwe vyake ndani ya suruali ya mifuko minne. Wifi alikuwa ametandika. Nilimlaza, tukamtazama sote wawili, tumesimama huku na huku kwa kitanda. Alikuwa amerefuka, kapu lisingemtosha tena. Wifi alinishika kiwiko kwa ule mkono wa kushoto, kidogo, akaniachia. Nikatoka.

Sikufika mbali. Nilifika pembeni mwa nyumba, kwenye kamba ya nguo. Nikasimama pale kati ya mashuka yaliyoanikwa. Nilimsikia akiamka. Kwanza sauti ya kawaida ya mtoto anayejinyoosha, kisha kimya cha mtoto anayetafuta, kisha kilio. Kilio kilikuwa kile cha zamani, cha siku zile alipokataa ziwa langu, ila sasa kilikuwa na neno ndani yake.

"Mama."

Mdomo wangu ulifunguka. Nikauma upindo wa shuka la watu.

Ndani, nilisikia cherehani. Haikuwa pedeli. Ilikuwa inakwenda na kusita, inakwenda na kusita, nikajua anazungusha gurudumu kwa mkono, bila uzi, bila kitambaa, mashine tupu. Kilio kilishuka. Kwa muda kidogo nilidhani ameikumbuka sauti ile, labda aliikumbuka, siwezi kujua mtoto anaweka wapi vitu vyake. Kisha nilisikia viganja vidogo vikipiga mlango kwa ndani, upande ule niliotokea mimi.

"Mama. Mama."

Cherehani ikanyamaza. Nikasikia mguu ukiburuta sakafuni, ukimfuata pale mlangoni.

"Abee," Wifi aliitika.

Mtoto akaita tena, kwa nguvu zaidi, akiniita mimi niliye nje. Naye akaitika tena.

"Abee, mwanangu."

Nilipoondoka pale walikuwa bado, mmoja anaita, mwingine anaitika.